Makazi, Mapito na Mazalia: Uhakiki wa Ramani za Makazi Tarajiwa ya Samaki katika Mito ya Mbeya na Iringa

1.0 Utangulizi

Katika Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, yupo samaki ambaye nusu ya maisha yake haimo ziwani. Mvua zinapokolea na mito kupanda, mbasa huacha maji ya kina, huingia katika midomo ya mito kama Songwe na Kiwira, na kuogelea dhidi ya mkondo hadi afike penye changarawe safi. Hapo hutaga mayai, kisha hurudi ziwani. Vifaranga hukaa mtoni kwa muda kabla ya kuwafuata wazazi wao. Wanasayansi humwita *Opsaridium microlepis*, na ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, jina lake ni mpasa. Waingereza wa enzi ya ukoloni walimwita samoni wa ziwani kwa sababu ya rangi yake ya fedha na safari yake ya kupanda mto, ingawa kwa nasaba hana udugu wowote na samoni. Leo yumo katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo katika tishio la kutoweka.

Jina la kuazima huja na mizigo ya mwenye jina. Kwa kuwa mbasa ameitwa samoni, ni rahisi mtafiti kudhani kwamba mbinu zilizobuniwa kwa ajili ya samoni zitamfaa pia. Mbinu mojawapo ni ile ya kutumia Mfumo wa Taarifa za Kijiografia kubaini, bila kuingia majini, ni vijito vipi vinaweza kuwa makazi ya samaki huyo. Mbinu hiyo ina mvuto mkubwa katika nchi ambayo vituo vya kupimia mito ni vichache na bajeti za utafiti ni finyu. Data za miinuko hupatikana bure, programu za bure zipo, na kwa siku chache ramani ya wilaya nzima huwa imekamilika, ikiwa na rangi ya kijani, njano na nyekundu.

Makala haya yanaihakiki ramani ya namna hiyo kama matini. Yanauliza inasema nini, inanyamaza juu ya nini, na msomaji wake katika ofisi ya wilaya ataelewa nini. Hoja kuu ni kwamba vigezo vitatu ambavyo modeli ya samoni imejengwa juu yake havibebi maana ileile vinapofikishwa Nyanda za Juu Kusini. Kinachoamua hatima ya samaki huku mara nyingi hakimo katika data za miinuko. Aidha, makala yanadai kwamba Kiswahili kina msamiati unaoweza kuirekebisha ramani hiyo, iwapo wachora ramani watakubali kuanza na ufunguo wa ramani kabla ya kuanza na programu.

2.0 Modeli yenyewe na asili yake

Modeli iliyoenea zaidi ya aina hii ilitoka Oregon, magharibi mwa Marekani. Mwaka 2007 Kelly Burnett na wenzake walichapisha utafiti uliopima kile walichokiita uwezo wa asili wa vijito kwa ajili ya spishi mbili. Ya kwanza ni samoni aina ya koho. Ya pili ni *Oncorhynchus mykiss*, trauti wa upinde wa mvua, katika umbo lake linalokwenda baharini na kurudi. Vigezo vyao vilikuwa vitatu tu: mteremko wa mto, upana wa bonde ukilinganishwa na mto wenyewe, na wastani wa mtiririko wa mwaka. Kila kigezo hupewa alama kati ya 0 na 1, kisha wastani wa kijiometri wa alama hizo hutafutwa. Maana yake ni kwamba kigezo kimoja kikiwa 0, alama yote ya sehemu hiyo ya mto huwa 0, hata kama vigezo vingine viwili ni kamilifu.

Ni haki kusema kwamba waasisi wa modeli hii hawakuahidi zaidi ya walichokifanya. Neno "asili" katika jina la modeli lilichaguliwa makusudi. Walitaka kujua umbo la ardhi lingeruhusu nini, hali ya sasa ya mto ikiwekwa kando. Kwa njia hiyo waliweza kuonesha jambo ambalo takwimu za uvuvi zisingelionesha, kwamba sehemu kubwa ya vijito bora kwa koho ilikuwa katika ardhi ya watu binafsi, mabondeni, nje ya misitu ya serikali ambako fedha nyingi za uhifadhi zilikuwa zikitumika. Huo ulikuwa uvumbuzi wa maana. Kwa hiyo uhakiki huu hauwalengi wao. Unalenga safari ya modeli yenyewe, kutoka nchi ambayo kila kijito kina historia ya vipimo hadi nchi ambayo ramani huja kwanza na vipimo hufuata, kama vitafuata.

3.0 Neno "tarajiwa"

Kabla ya kufika mtoni, ni vema kusimama kwenye jina. Maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili hupenda kutafsiri dhana hii kuwa "makazi tarajiwa". Tafsiri hiyo inasomeka vizuri, lakini imeongeza kitu ambacho hakikuwemo. Kutarajia kuna mtarajiaji. Mtoto mtarajiwa ana wazazi wanaomngoja, na bwana harusi mtarajiwa ana siku iliyopangwa. Mto ulioandikwa "makazi tarajiwa ya samaki" humfanya msomaji aone kwamba samaki wako njiani, au kwamba kuna mtu aliyepanga wawepo. "Makazi yawezekanayo" yangekuwa karibu zaidi na maana, ingawa ulimi huyakataa kidogo.

Tofauti hii si mchezo wa maneno, na Nyanda za Juu Kusini zinaithibitisha. Spishi ya pili katika modeli ya Oregon, *Oncorhynchus mykiss*, haiko mbali na Iringa. Trauti waliletwa Afrika Mashariki na walowezi waliotaka kuvua kwa ndoana kama walivyovua kwao. Nchini Kenya, trauti wa kahawia walifikishwa mwaka 1905 kwa juhudi za Ewart Grogan. Baadaye mito baridi ya Tanganyika nayo ilipandikizwa, na trauti wamejulikana kwa miaka mingi katika vijito vya Mufindi, kwenye mashamba ya chai, na katika maji ya juu ya Rungwe. Mtu akichukua modeli ya Burnett pamoja na data za miinuko za Iringa, akaongeza mwinuko kama kiwakilishi cha ubaridi wa maji, atapata ramani inayopendeza: vijito vya Mufindi, Kipengere na uwanda wa Kitulo vyote vitang'aa kijani.

Ramani hiyo inaonesha nini? Kwa mwenye hoteli ya watalii, ni ramani ya fursa. Kwa mhifadhi wa Kitulo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, ramani hiyohiyo ni ramani ya uvamizi. Trauti wa upinde wa mvua na trauti wa kahawia wote wamo katika orodha ya spishi 100 vamizi zilizo mbaya zaidi duniani. Katika vijito hivyo waliishi, na pengine bado wanaishi, vikambare wadogo wanaojibanza kwenye mawe, ambao hakuna aliyewatengenezea modeli. Modeli huuliza samaki fulani anaweza kuishi wapi. Haiulizi kama anapaswa kuwepo, wala nani alikuwepo kabla yake. Neno "tarajiwa" hulifuta swali hilo kabla halijaulizwa.

4.0 Mteremko: uwanda wa Kyela na maporomoko ya migomba

Kigezo cha kwanza ni mteremko. Katika milima ya Oregon mteremko husema mengi, kwa kuwa mto mkali mno huwazuia samaki na mto wa wastani hujikusanyia changarawe. Katika Mbeya, mteremko una tabia mbili zinazopingana, na zote mbili huihadaa kompyuta.

Tabia ya kwanza iko juu. Mto Kiwira hushuka kutoka milima ya Rungwe na Poroto kupitia miamba ya volkano ambayo umbo lake ni la ajabu. Watu wengi wanalijua Daraja la Mungu, tao la mwamba lililojiunda lenyewe juu ya mto huo, na pia Kijungu, mahali ambapo maji hujitumbukiza ndani ya shimo la mwamba kama yanayomiminwa chunguni. Kwa samaki apandaye mto, sehemu kama Kijungu ndiyo swali lote: anapita au hapiti? Kwa data za miinuko, sehemu hiyo haipo. Data zinazotumika zaidi zilikusanywa na chombo cha anga Endeavour kwa siku chache za Februari 2000. Kwa miaka mingi Afrika ilipewa toleo lenye pikseli za takriban mita 90, na toleo la mita 30 lilianza kutolewa mwaka 2014. Kizuizi chenye upana wa mita chache humezwa ndani ya pikseli moja na kugeuka kuwa mteremko laini. Modeli itampitisha samaki mahali ambapo mwamba umemkatalia.

Tabia ya pili iko chini, na ndiyo nzito zaidi kwa mbasa. Kutoka miguu ya milima hadi ufuko wa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takriban mita 474 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kyela umelala karibu tambarare. Ni nchi ya mpunga, kakao, migomba na maembe, na mvua zake ni miongoni mwa mvua kubwa kuliko zote Tanzania. Mto hapo hushuka sentimita chache kwa kila mita mia. Ilhali data za rada zina makosa ya mita kadhaa, na hesabu yake ni rahisi: kosa la mita 3 kati ya pikseli mbili jirani zenye upana wa mita 30 huzaa mteremko bandia wa asilimia 10. Juu ya hayo, rada ile haikupima ardhi peke yake. Ilipogonga majani ilirudi. Shamba la migomba kando ya mto huonekana kama kilima, na penye ukingo wa shamba huonekana kama ngazi. Hivyo modeli huweza kugundua maporomoko ya migomba katika uwanda ambao hauna jiwe lolote la kumzuia samaki, huku ikikosa Kijungu.

Mtaalamu atajibu kwamba makosa haya hurekebishwa kwa kulainisha data na kuchonga mkondo wa mto ndani yake kwa nguvu. Jibu ni sahihi kiufundi. Ila mkondo unaochongwa hutoka katika ramani nyingine ya zamani zaidi, na Songwe ni mto unaohamahama. Kuhama kwake ni jambo la kidiplomasia, kwa sababu mto huo ni mpaka kati ya Tanzania na Malawi, na serikali mbili zimelazimika kuwa na programu ya pamoja ya bonde lake kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine. Anayechonga mkondo wa Songwe kutoka ramani ya zamani huwachorea samaki mto uliokwishahama.

Hapa inafaa kuongeza tahadhari ndogo ambayo imewakwaza wengi wanaofanya kazi wakiwa mbali. Mbeya ina mito miwili iitwayo Songwe. Mmoja humwaga maji Ziwa Rukwa, na mwingine Ziwa Nyasa. Tangu mwaka 2016 upo pia Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya, kama vile Njombe ilivyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Jedwali la takwimu linalounganishwa na ramani kwa kutumia jina pekee laweza kumhamisha mbasa hadi Rukwa, ziwa ambalo hajawahi kuishi.

5.0 Wastani wa mtiririko: somo la Ruaha Mkuu

Kigezo cha pili kinaonekana kuwa salama kuliko vyote. Wastani wa mtiririko wa mwaka hukadiriwa kutokana na ukubwa wa eneo linalokusanya maji na kiasi cha mvua, vitu viwili ambavyo ramani inavimudu. Lakini ndicho kigezo kinachopotosha zaidi katika nyanda hizi, na sababu yake imo katika neno "wastani".

Chukua mito miwili ya kufikirika. Wa kwanza hupitisha mita za ujazo 20 kwa sekunde kila mwezi wa mwaka. Wa pili hupitisha 60 kwa miezi minne, halafu 0 kwa miezi minane. Wastani wao ni sawasawa, na modeli itawapa alama sawasawa. Katika mto wa kwanza samaki huishi. Katika wa pili hubaki mifupa na nyayo za viboko waliokuwa wakitafuta dimbwi la mwisho. Oregon, yenye majira ya baridi marefu na vijito vinavyolishwa na misitu, tofauti hiyo ilivumilika. Bonde la Ruaha Mkuu haliivumilii.

Kisa cha Ruaha Mkuu kinajulikana, lakini hakijasomwa vya kutosha kama kisa cha ramani. Mto huo hukusanya maji ya Usangu, bonde la takriban kilomita za mraba 20,800, kutoka mito kama Mbarali, Kimani na Chimala upande wa Mbeya, na Ndembera inayotoka Mufindi upande wa Iringa. Maji huingia kinamasi cha Ihefu, hutoka kwa kuvuka kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kuendelea hadi Mtera. Kwa kuwa kutoka ni kwa kuvuka kizingiti, kiwango cha maji ya kinamasi kikishuka chini ya mwamba, mto ulio mbele hukatika, hata kama nyuma yake bado kuna maji mengi. Tangu mwaka 1993 mto ndani ya hifadhi umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi.

Lawama zilielekezwa kwanza kwa wafugaji. Picha za setilaiti zilionesha ng'ombe, njia za ng'ombe na nyasi zilizopungua, na kilichoonekana pichani kikageuka kuwa sababu. Mradi wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza mwanzoni mwa karne hii, na baadaye utafiti wa RIPARWIN ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishiriki, ulionesha picha tofauti. Tatizo kuu lilikuwa maji ya kiangazi yanayochepushwa kwenye mabanio kwa ajili ya umwagiliaji, mara nyingi yakiingia mifereji hata pale ambapo mashamba hayakuyahitaji. Banio ni mlango mdogo wa zege au wa magogo na mawe, na kutoka angani halionekani. Ng'ombe anaonekana. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mto haukuacha kukauka.

Mhakiki wa ramani hawezi kukipita kisa hiki haraka. Kinaonesha kwamba kosa la tabaka moja katika ramani si kosa la wino. Kuna kaya zilizohama na mifugo iliyokufa njiani kwa sababu kilichochorwa kilikuwa kile kilichochoreka. Ramani ya makazi ya samaki iliyojengwa juu ya wastani wa mwaka itarudia kosa hilohilo kwa upande wa pili: itaonesha Ruaha Mkuu kuwa makazi bora, na samaki wakikosekana, afisa atamtafuta mkosaji kati ya wale wanaoonekana, yaani mvuvi mwenye nyavu kando ya dimbwi.

Kigezo kinachopaswa kuchukua nafasi ya wastani si kigumu kukieleza. Ni mtiririko mdogo kabisa wa mwaka, na idadi ya siku ambazo mto umekatika. Kigumu ni kukipata, kwa sababu hakitoki katika data za miinuko. Hutoka kwa msomaji wa kipimo cha mto, au kwa mwanakijiji anayekumbuka ni mwezi gani alianza kuvuka Ndembera bila kulowesha magoti.

6.0 Upana wa bonde

Kigezo cha tatu kinahitaji maneno machache, maana kinajieleza. Koho hupenda mabonde mapana, na modeli huyapa alama ya juu. Katika Iringa na Njombe mabonde mapana yenye unyevu ni vinyungu, bustani za kiangazi zinazolimwa mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Katika Usangu na Kyela ni mpunga. Yaani modeli itapaka kijani palepale ambapo watu hupata chakula cha miezi migumu. Burnett alikuta jambo linalofanana Oregon, ila mwenye ardhi wa Oregon ana hati, na mwenye kinyungu mara nyingi hana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukanda wa mita 60 huchorwa katika programu kwa kubofya mara moja. Ukichorwa juu ya ramani ya makazi tarajiwa, ramani ya samaki hugeuka kuwa orodha ya watu wa kuondolewa, bila aliyeichora kuwa na nia hiyo.

7.0 Makazi, mapito, mazalia, makulia

Kwa Kiingereza neno moja hubeba kila mahali ambapo samaki anahusika. Modeli ya Oregon ililipokea neno hilo na kulipa rangi moja. Lugha ya uvuvi ya Kiswahili cha Tanzania haifanyi hivyo. Wavuvi, maafisa na hata kanuni hutenganisha mazalia, yaani pale wanapotaga, na makulia, yaani pale vifaranga wanapokua. Tukiongeza makazi ya samaki wazima na mapito yanayounganisha hayo yote, tunapata maneno manne, na kwa mbasa ni mahali panne tofauti. Makazi yake ni ziwa. Mapito yake ni midomo ya mito na uwanda wa Kyela. Mazalia yake ni changarawe za juu zaidi. Makulia yake ni maji tulivu ya mtoni.

Mgawanyo huu hubadilisha uhakiki mzima wa vigezo. Uwanda wa Kyela, ambao modeli hauwezi kuusoma kwa sababu ni tambarare mno, hauhitaji alama ya mteremko kabisa, kwa kuwa hauhusiki kama mazalia. Unahusika kama mapito, na mapito hayaharibiwi na mteremko. Huharibiwa na nyavu zinazotegwa kuziba mdomo wa mto wakati samaki wenye mayai wanapoingia, na uzio na migono inayokata mto kutoka ukingo hadi ukingo. Pito lina sifa moja kali: likizibwa mahali pamoja, limezibwa lote. Kilomita 30 za mto safi juu ya uzio hazina faida yoyote kwa samaki aliyenaswa kwenye uzio. Jambo la kushangaza ni kwamba hesabu ya modeli, ile ya kigezo kimoja kikiwa 0 yote huwa 0, ingefaa hapa kuliko mahali ilipotumika. Ingepaswa kufanywa kando ya mto, toka mdomoni kwenda juu, badala ya ndani ya kila kipande peke yake.

Mazalia nayo yana adui ambaye data za miinuko hazimjui. Mayai ya mbasa yanahitaji changarawe ambayo maji hupenya kati yake. Tope linalotoka katika miteremko iliyolimwa hadi ukingoni huziba nafasi hizo, na uchimbaji wa mchanga na kokoto kwa ajili ya ujenzi huondoa sakafu yenyewe. Vyote viwili hubadilika kutoka msimu hadi msimu. Ramani ya mazalia isiyo na mwezi na mwaka wake imechora mto wa siku ambayo haijulikani.

Yupo atakayesema kwamba kurudi kwa wavuvi ili kupata taarifa hizi ni kurudi nyuma, au ni mahaba ya watafiti kwa maarifa ya jadi. Hoja hiyo inastahili kujibiwa, kwa sababu maarifa ya wavuvi nayo yana upungufu wake. Mvuvi anajua samaki walikonaswa, si walikopita salama. Ana sababu pia ya kutotaja kituo chake kizuri mbele ya mtu mwenye kifaa cha kunasa majira ya nukta na nembo ya serikali kwenye gari. Ramani shirikishi iliyochorwa kwa mkutano mmoja wa kijiji na posho ya nauli haiaminiki zaidi ya ile ya rada. Kinachodaiwa hapa ni kidogo kuliko hicho: kila tabaka la ramani lichukue data kutoka kwa anayeweza kuiona. Mwinuko wa bonde huonwa na chombo cha anga. Uzio wa mtoni, banio lililofunguliwa usiku na changarawe iliyozikwa na tope huonwa na aliyesimama ukingoni. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina kituo Kyela, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vipo kisheria. Mtu wa kusimama ukingoni, basi, hakosekani.

Jaribio la kweli la ramani hizi halitakuwa chuoni. Programu ya pamoja ya Bonde la Songwe imepanga bwawa katika sehemu ya chini ya mto, lenye mitambo ya kuzalisha takriban megawati 180 za umeme, ambalo pia linatarajiwa kupunguza mafuriko na kuutuliza mto unaohamisha mpaka. Kwa wakazi wa uwanda ambao nyumba zao huzingirwa na maji, faida hizo si za kubeza. Lakini mradi wa namna hiyo hutanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani ya tathmini huwekwa ramani ya makazi ya samaki. Iwapo ramani hiyo itakuwa ya uwezo wa asili, itahesabu kilomita za kijani na kueleza kwamba nyingi zimebaki, kwa sababu modeli ilijengwa isiyaone mabwawa. Vijito vilivyo juu ya ukuta vitabaki na mteremko uleule, upana uleule wa bonde na wastani uleule wa mtiririko. Iwapo ufunguo wa ramani utatenganisha mapito na mazalia, ukuta utaonekana kama kitu kinachokata mstari, na swali la njia ya kumpitisha samaki, mahali pa kuijenga na miezi ya kuifungua litaulizwa kabla ya zege kumwagwa. Anayeandika hadidu za rejea za tathmini hiyo anaweza kulidai hilo kwa sentensi moja.